Vidonge vya Ganda la Chungwa

Jumapili, 1 Juni 2025

Sifael karudi kanisani na kopo. Vidonge vya ganda la chungwa, vya fizi. Kauziwa na Tabitha wa kwaya — huyo mama akiamua, atamuuzia mchungaji Biblia yake mwenyewe. Eti ndani mna flavonoidi. Mume wangu, aliyehangaika mwaka mzima na jina la mkwe wetu, neno hilo kalitamka bila kukwama.

Nacheka, lakini si sana. Wiki iliyopita aliacha damu kwenye hindi la kuchoma. Jino la mbele linacheza. Nikataja daktari wa meno, akaomba nipunguze redio. Redio ilikuwa imezimwa.

Jumatano, 4 Juni

Nimempigia Irine, binti yetu, mfamasia kule Themi. Nilitaka aniambie ni utapeli, nipate la kusema. Hakunipa hiyo raha. Tafiti zipo, anasema, ila ndogo — watu wachache, miezi michache. Kuna ambao damu kwenye fizi ilipungua kidogo.

"Lakini mama, kwenye zile nilizosoma walikuwa wanasafishwa meno pia. Utajuaje kilichosaidia ni kipi? Na jino likishalegea, kidonge hakilikazi."

Nikamfikishia baba yake yote. Kasikia "zipo" tu. Kameza viwili.

Jumamosi, 14 Juni

Anatangaza kwamba fizi zimepona. Sawa. Mchana tumechoma mbuzi, Irine alikuja. Sifael akaomba ini. Mwanamume wa Kikwe, mbavu ziko mezani, anaomba ini!

Irine akamwambia, baba, fungua mdomo nione. Mkono ukapanda ukaziba. Ule ule mkono. Amekunywa maji ya Kikwe, kijijini kwao, yenye floraidi nyingi, tangu utoto, meno yakawa ya kahawia, na alipokwenda kusoma Moshi wenzake walimcheka. Tangu nimjue anacheka amejiziba. Nilishauzoea, nikaona ndivyo alivyo.

Irine alipoondoka nikamuuliza Sifael taratibu: kweli unaviamini hivi vidonge? Akalizungusha kopo.

"Kidonge hakinitazami," akasema.

Imeniuma. Miaka yote nilidhani anaogopa sindano ya daktari wa meno, kumbe haiogopi hata kidogo.

Jumatatu, 23 Juni

Niko kwenye benchi, kliniki ya meno, mjini. Kakubali kuja kwa sharti moja: nisiongee njiani. Nimeongea kidogo. Kopo kalileta mfukoni, eti daktari alione.

Daktari katoka mwenyewe kumwita. Anaitwa Anande, binti mdogo tu. "Shikamoo baba." Akatabasamu — meno ya kahawia kama ya Sifael, na mikono yake yote iko mfukoni mwa koti. Sifael akasahau kuitikia.

"We ni wa wapi?"

"Kikwe, baba."

Nikanyanyuka niwafuate. Mzee kanikabidhi kopo, akafunga mlango.

Mlango wenyewe mwembamba, nasikia. Daktari anasema vidonge si vibaya, ila haviwezi kutoa uchafu uliogandia chini ya fizi. Wataanza kusafisha leo. Lile jino la mbele hawezi kuahidi. Nimelishika kopo kwa mikono miwili, naomba Mungu, huku kalamu iko mdomoni.

Daktari kasema kitu cha chini chini, sijakidaka. Sifael anacheka.

Kicheko cha mume wangu nakijua, miaka yote hii kinatoka kimezibwa. Hiki sikijui.