Mlima Ulikuwa Umeshiba

Alhamisi, Aprili 1949

Asubuhi, kule Vugiri, Bwana Shamba alitaka tushuke Korogwe kwa njia ya mkato, eti kipimo chake kinaonyesha mvua ya jana ilikuwa kidogo. Nikachomeka fimbo yangu kwenye mteremko, ikazama kama kwenye uji. Chemchemi ya chini yake ilikuwa inatoa maji mekundu, dalili kwamba udongo umeanza kukatika ndani.

"Bwana, mlima umeshiba maji," nikasema. "Tuzunguke."

Akaniita mwoga, mimi kiongozi wake wa njia, mbele ya wapagazi. Niliogopa kufukuzwa kazi, lakini sikusogea. Mwishowe tukazunguka, yeye kanuna.

Hatujafika bondeni tukasikia mngurumo. Njia ya mkato yote imefukiwa, pamoja na migomba.

Jioni kaniomba nimchongee fimbo kama yangu. Nitamchongea. Chemchemi ajifunze kuitazama mwenyewe.