Kinu cha Ghorofa ya Nane

Jumapili jioni, Machi 1998. South Beach, Durban.

Joto la leo halina adabu. Madirisha yote yako wazi na pazia halitikisiki hata kidogo. Nimekaa sakafuni na kanga moja, mgongo ukutani, mikono inanuka sombe, kisamvu cha kwetu. Nimeisugua kwa ndimu, nikaisugua kwa sabuni ya unga, wapi. Kesho kazini watajua tu.

Nina hasira. Naandika ili nisiende kugombana na mtu.

Nianze na jema. Ijumaa Mr Naidoo, mkuu wetu wa maabara pale kwenye kiwanda cha mafuta ya kupikia, mtaa wa Jacobs, aliniita ofisini. Aliniweka nimesimama huku anatafuta miwani yake, nikajua nafukuzwa. Kumbe muda wangu wa majaribio umekwisha na wamenipitisha. Mimi Yustina wa Kigoma, mwenye shahada ya sayansi ya chakula ambayo nyumbani ilinipatia "subiri tutakuita" na chai nyingi za mapokezi, sasa ni mwajiriwa kamili kwenye nchi ya watu. Nilipotoka nilisimama kwenye robot ya barabarani, taa ikaja kijani, ikarudi nyekundu, mimi bado nimesimama nacheka peke yangu kama mwehu.

Nikaenda duka la simu nikampigia Baba. Akamshukuru Mungu, akamwita Mama, naye akashukuru, wakashukuru wote pamoja. Halafu Baba akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa kile kinu umeacha?"

Nikasema sijaacha.

"Mwanangu, nimekusomesha mpaka chuo kikuu ili ukatwange?"

Sikumjibu, maana Baba hajibiwi. Lakini hapa najibu. Ndiyo, Baba. Nimesoma ili nitwange, na ipo siku majani yangu yatakaa kwenye majokofu ya maduka, ndani ya pakiti yenye jina langu. Mr Naidoo ni mtu mwema na koti lake jeupe nalivaa kwa heshima, ila sitaki kuzeeka nikipima mafuta ya mtu mwingine.

Biashara yenyewe niliikuta Chatsworth, sikuitafuta. Mama mmoja wa kule, Ma Fatima, wa wale wanaoitwa Wazanzibari ingawa Zanzibar yenyewe hawajaiona, binti yake tunafanya naye kazi. Siku moja walinialika chakula. Nikatoka uani kunawa, nikaona muhogo umesimama kwenye ua mzima, umestawi, majani mabichi yananing'inia na hakuna anayeyajali. Wanachimba mizizi tu. Majani wanayatupa! Huku mjini Wakongo wamejaa, na hakuna kitu wanachokililia kama sombe. Dada Béa ninayekaa naye, mtu wa Uvira, Kongo, aliwahi kuniambia angeweza kusamehe vita vyote lakini siyo miaka miwili bila sombe. Alikuwa anatania. Siyo sana.

Kinu nilikinunua hapa hapa ufukweni, kwa muuza vinyago. Alikuwa anawauzia watalii wakaweke maua. Nilipomwambia nataka na mchi wake, alinitazama kwa mashaka.

Na kabla mtu hajaniuliza: mashine nilijaribu. Mimi ndiye mwanasayansi, nilikuwa wa kwanza kuipenda mashine. Nilisaga majani kwa mashine ya nyama ya kuazima, nikafungasha vizuri, nikagawa bure. Akina mama wakanirudishia kwa upole. Wakasema hii ni majani ya chai. Mashine inalikata jani, mchi unaliponda, na mdomo uliokulia sombe unajua tofauti hata ukiwa umefumbwa macho. Basi. Kinu.

Sasa tatizo. Jumatatu hadi Ijumaa niko Jacobs kutwa. Jumamosi natoka kazini saa saba mchana, nakwenda Chatsworth kuchuma, narudi jua limezama. Wateja wangu wananunua Jumapili wakitoka ibadani. Kwa hiyo muda wa kutwanga unaobaki ni Jumapili alfajiri, wakati wazungu wa ghorofa ya saba, chini yetu, wamelala.

Nilitandika blanketi chini ya kinu, nikatandika godoro la watoto wa Béa. Haikusaidia kitu. Jumapili iliyopita msimamizi wa jengo akapanda, funguo zinalia kiunoni, akagonga mlango kama polisi. Akasema amechoka na ngoma zetu. Akasema kama ni kanisa tukasalie kwingine, na kama ni uchawi hataki hata kujua. Nikamwonyesha kinu. Nikamwonyesha majani. Akachungulia ndani, akarudi nyuma hatua moja, nadhani uchawi ndio ukawa umethibitika. Akatoa neno lake: sauti hiyo isikike tena mara moja tu, chumba chote tunatoka.

Chumba si changu. Ni cha Béa. Ni yeye aliyekizungukia jiji zima akiwa na bintiye Grâce mgongoni na karatasi za ukimbizi mkononi, akifungiwa milango mpaka akapata huu. Anasuka nywele saluni kutwa nzima amesimama, ili watoto wake wawili walale pahali penye kufuli. Mimi alinikuta kanisani sina pa kwenda, akanikaribisha. Hakuniuliza hata kabila.

Nilimwambia naacha kinu. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa. "Miye nilikimbiaka masasi kule Uvira," akasema, yaani risasi, "leo nifukuzwe juu ya kinu? Twanga, dada. Tutaona."

Anaweza kusema hivyo kwa kuwa ana moyo mkubwa. Mimi ningekuwa mtu wa namna gani nikimsikiliza?

Kwa hiyo leo alfajiri nikajifanya mjanja. Nikasema, pwani si ya mtu. Nikabeba kinu kichwani, mchi mkononi, mfuko wa majani begani, nikashuka kwa lifti na bwana mmoja wa kukimbia mbio aliyejibanza kwenye kona mpaka chini. Nikakita kinu mchangani, nikaanza. Eish, raha niliyoipata! Mchanga unameza kishindo chote. Nilitwanga kwa nguvu zangu zote, hakuna aliyegonga mlango. Wavuvi wa ndoano walinipungia mkono. Nikaimba hata.

Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini. Niliusikia mgongoni, nikaufurahia, maana joto lilikuwa limeshaanza.

Msomi mzima. Miezi yote hii pale maabara kazi yangu ni kutafuta uchafu kwenye chakula, kushika chupa juu ya taa na kutazama kama kuna chembe. Na hapo nimesimama ufukweni, kinu wazi, upepo unavuma, naimba.

Sombe iliisha yote mlangoni pa kanisa. Nilirudi nyumbani natembea kwa maringo.

Saa kumi jioni mlango ukagongwa. Nikajua msimamizi. Alikuwa Mama Chantal, mteja wangu wa kwanza na mdomo mkubwa kuliko yote katika kanisa letu. Ametembea mitaa miwili na sufuria yake mkononi, kavaa bado gauni la ibada. Hakusalimu.

"Yusta! Kamata kijiko, onja. Sombe iko na mchanga! Pasteur iko kwangu na bibi yake, wanakula, meno inalia kro-kro, hakuna mwenye anasema kitu. Miye nakufa na haya!"

Nikaonja. Kro-kro kweli, na mchungaji na mkewe ndio wanaoila.

Majirani walifungua milango, wakaona mimi na kijiko mdomoni. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikamwomba radhi, nikamwambia ukweli wote, msimamizi na ngoma na pwani na upepo. Nikamwambia pia nimepata kazi ya kudumu Jacobs, kwamba labda Baba yangu ana haki, labda kweli natwanga maji kwenye kinu, na heri niache nibaki na mshahara wangu. Niliyasema hayo kwa sauti, mbele za watu, na nilipoyasema nilisikia uchungu ambao sikuutegemea. Machozi yakanitoka. Mama Chantal akaweka sufuria chini.

"Nani amekwambia uache? Ukiacha, miye nitakula nini, majani ya mashine? Sikukuya kukwambia uache. Nimekuya kukwambia tafuta fasi."

Tafuta fasi. Yaani pahali. Akachukua sufuria yake akaondoka, bado amekasirika.

Nimekaa na neno hilo muda mrefu. Ukweli ni kwamba fasi ninaijua. Jumamosi ya jana, nikichuma majani, niliona chumba cha nyuma kwa Ma Fatima. Mlango wake unatazama ule muhogo. Sakafu yake ni saruji juu ya ardhi, chini hakuna mtu isipokuwa minyoo. Niliona, nikageuza uso haraka, kwa sababu nilijua kukiona vizuri kutanidai nini. Kutanidai niondoke hapa. Niache dirisha hili na bahari yake, niache Béa na kicheko chake anapovua viatu, niache watoto wanaonivamia kitandani kila jioni. Na mimi nilikuwa nimejizoesha kusema kwamba hii ndiyo familia yangu ya huku.

Lakini mficha uchi hazai. Nimeshuka duka la simu, nimempigia Ma Fatima, nimemweleza shida yangu pamoja na biashara yangu, bila kumficha kwamba majani yake nayauza. Akacheka. Akasema mama yake mzazi alikuwa akiyatwanga hayo hayo kwa nazi, na kinu chao kilibaki kule Bluff, walikotolewa kwa nguvu kuletwa Chatsworth, hakuna aliyewahi kununua kingine. Chumba nikichukue. Nitatwanga kila jioni nikitoka kazini nipendavyo, isipokuwa wakati wa swala, na sufuria ya kwanza ya kila wiki ni yake. Jacobs nitakwenda kwa taxi ile ile wanayopanda binti yake na wenzake. Kila kitu kimekaa sawa, ndiyo maana nimelia tena njiani.

Nimerudi nikamwambia Béa. Nilijiandaa kwa maneno. Alisimama, akakifuta kinu kwa kitambaa kibichi, ndani na nje, akautoa mchanga wote taratibu, akakifunika kwa kitenge chake cha Pasaka ili kisiingie vumbi njiani. Kile kitenge havai ovyo. Nikasema Béa, hicho hapana. Akanikabidhi ncha moja ya kitenge nimshikie afunge.

Nitakuja mjini kila Jumapili na mzigo, na nitalala hapa Jumapili, hilo nimeshaapa. Wiki hii nitahama. Kibali cha kazi kipya kikitoka, nitauliza namna ya kusajili jina. Mashine ya kugandisha nitaanza kuitafuta, hata kuukuu. Mr Naidoo nitamweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, na akiniuliza kwa nini, nitampelekea sahani.

Naogopa? Naogopa sana. Lakini woga wangu wa sasa si ule wa asubuhi. Asubuhi niliogopa kugongewa mlango.

Grâce amejua. Watoto hawafichwi kitu kwenye chumba kimoja. Yuko nyuma ya pazia na mama yake, analia kwa kwikwi, anauliza kwa nini tantine, yaani mimi mama yake mdogo, anaenda, nani amemfukuza. Nimeacha kuandika nisikilize Béa atamjibu nini.

"Usilie, mama. Hakuna mwenye amemfukuza. Tantine anaenda kufungua usine yake."

Usine. Kiwanda. Ameitamka taratibu, bila utani, kama mtu anayetaja mahali palipo na anwani.