Kikwembe cha Dada Yangu Mkubwa

Jumatatu. Mvua imeshuka tangu alfajiri, vumbi la malori ya mgodi limelala, na barabara yetu hapa mtaa wa Manika imepata rangi yake tena. Siku kama hii huwa nafurahi. Leo sikufungua saluni. Nimekaa kitandani, simu nimeizima mlio, na uso sijaupaka kitu.

Nina miaka hamsini na saba.

Haya, nimeandika. Ninyi mnaonisoma hapa kwenye ukurasa wangu mnajua Mama Gody ana arobaini na nne. Nilifika arobaini na nne nikaona pazuri, nikakaa. Kila mwaka mnaniandikia, Mama Gody, unatumia nini, mbona huzeeki, na mimi nawajibu kwa picha ya kopo la krimu ninayouza. Hata jina nilikata kipande. Naitwa Godelieve. Masista walitugawia majina hayo enzi zile, na msichana wa leo akilisikia tu anajua ulizaliwa lini.

Kopo lenyewe mnalijua. Lina picha ya yule mwimbaji wa Kinshasa, yule aliye pia kwenye bango kubwa pale rond-point, barabara zinapokutana, shavu limenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Yeye na mimi ni rika moja. Kila mtu wa biashara hii anajua alikwenda Uturuki wakamvuta ngozi nyuma ya masikio, akakaa ndani miezi na miwani nyeusi, halafu akatoka kutuambia ni krimu. Mimi pia najua. Nimeiuza hata hivyo, na nimejipaka asubuhi na jioni mpaka siwezi kusimama karibu na moto wa bukari, ugali wetu, bila mashavu kuniwaka. Vifundo vya vidole vimekataa, vimebaki vyeusi. Ndiyo maana kwenye picha zangu zote mikono iko mfukoni.

Lakini si hilo linaloniumiza leo. Kujipaka kila mtu anajipaka.

Jumamosi saluni ilikuwa imejaa. Mama Chantal, mteja wangu mkubwa, alikuwa chini ya mashine ya kukausha nywele. Anamwoza binti yake mwezi ujao na anataka siku hiyo aonekane kama mimi. Wakaingia wanawake wawili. Mmoja alikuwa mama mzee, nywele nyeupe chini ya kitambaa, jino la mbele hakuna, uso una mikunjo kila upande. Mwingine alikuwa binti yake, mtu mzima, ameshika mfuko wa plastiki kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Yule mama akanitazama, akacheka. Akicheka anafunika pua, si mdomo.

Nilimjua kabla hajafungua kinywa. Kuna mtu mmoja tu duniani anayecheka hivyo.

"Godelieve," akasema. "Ni weye?"

Alphonsine. Tulizaliwa Musonoi, nyumba za wafanyakazi, mlango kwa mlango. Baba zetu walishuka mgodini zamu moja. Tulipata komunyo ya kwanza siku moja, na kiatu changu cha kushoto kilikuwa chake, maana changu kilikuwa kimepasuka. Halafu kampuni ya mgodi ikaanguka, mishahara ikakatika, na watu wenye njaa wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Wakasema Wakasai, watu kama kina Alphonsine ambao wazee wao walitoka Kasai, warudi kwao. Kwao wapi? Alphonsine hakuwahi kuiona Kasai hata kwa jicho moja. Waliingia nyumbani kwao mchana, majirani tuliowajua kwa majina, wakatoa vitanda nje, na familia ikaenda kulala stesheni pamoja na maelfu ya wenzao, wakingoja treni ambayo haiji.

Yeye alikuwa na mimba kubwa. Nilikuwa nampelekea uji kwenye sufuria, nimeuficha chini ya kikwembe, kitenge nilichojifunga, kwa sababu mtaani walisema anayewalisha ataondoka nao. Niliogopa kila siku na nilikwenda kila siku. Sijui kama nimewahi kufanya kitu kizuri kuliko hicho. Siku treni ilipofika walipandishwa kwenye mabehewa ya mizigo, na sikumwona tena.

Mpaka Jumamosi.

Na sasa sikilizeni mtu akijifanya arobaini na nne anajifunga vipi. Ukipunguza miaka, si mikunjo peke yake inayoondoka. Mtu wa arobaini na nne, siku zile za stesheni alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kwa hiyo mimi kwa miaka mingi, watu wakizungumzia mambo yale, nasema nilikuwa mdogo, sikumbuki. Vijana wa parokia walikuja kuniuliza mwaka jana, wanataka kujua ilikuwaje, nikawaambia waende kwa wazee. Niliifuta stesheni ili shavu lipate kusimama.

Alphonsine alikuwa anawaeleza wote kwa furaha. Huyu tumesoma naye darasa moja! Huyu ni mwenzangu wa komunyo! Nikaona Mama Chantal anatoa kichwa kwenye mashine. Nikaona macho ya wateja yanatoka kwa Alphonsine yanakuja kwangu, yanarudi kwa Alphonsine, wanapiga hesabu.

Nikapiga goti kidogo, kama tunavyowaamkia wazazi.

"Karibu mama," nikasema. "Lakini unakosea muntu. Wakati ile mi nilikuwa mutoto mudogo."

Mama. Nilimwita mama, mwenzangu niliyevaa kiatu chake.

Alitazama uso wangu, halafu akashuka mpaka kwenye mikono yangu, ambayo sikupata muda wa kuiingiza mfukoni. Akatazama bango dogo la mwimbaji ukutani, makopo kwenye rafu, wateja. Nilidhani atanitukana, na kweli ningepumua. Alphonsine hajawahi kuwa mjinga.

"Aa, ni vile," akasema polepole. "Macho ya uzee hii. Ni mukubwa yako nilijuaka. Munafanana sana."

Akanidanganyia. Mbele ya watu wote alichukua aibu yangu akaivaa yeye, akajifanya bibi asiyeona vizuri. Mimi ni mzaliwa wa kwanza kwetu. Sina dada mkubwa, na anajua, alikula kwetu miaka yote.

Binti hakuelewa. Akamwambia mama yake kwamba jina ndilo lile, saluni ndiyo ile waliyoelekezwa. Nikasikia akimnong'oneza habari za behewa na jina, na hapo ndipo nikajua yeye ni nani. Ni yule mtoto wa stesheni. Alizaliwa ndani ya behewa, kabla hawajafika Kasai, na mama yake akampa jina la mtu aliyempelekea uji. Anaitwa Godelieve.

Ninyi wa huku mnajua desturi. Mtoto akikutana mara ya kwanza na mwenye jina lake, anamletea kitu, na mwenye jina anampaka pudre, ile poda nyeupe, shingoni, anamwombea mema. Mtoto wa watu alikuwa amesafiri siku nyingi na zawadi yake kifuani. Alikuwa ameshainamisha shingo kidogo. Na mimi, nyuma yangu, kwenye rafu, nilikuwa na makopo ya pudre mpaka ya kuuza.

Sikunyoosha mkono.

Alphonsine akachukua mfuko kwa binti yake, akauweka juu ya meza yangu kwa mikono miwili.

"Ukimuona mukubwa yako, umupatie hii," akasema. "Umuambie Alphonsine alifika."

Wakatoka. Mama Chantal akarudi chini ya mashine yake, akasema maskini, uzee ni kitu kibaya, ndiyo maana mimi nataka kopo la tatu. Nikamuuzia.

Nimemuuzia, naapa, na chenji nikamhesabia.

Ule mfuko niliuacha saluni siku nzima ya jana. Leo asubuhi nimekwenda kuuchukua kwenye mvua. Ni kikwembe cha wax, cha bluu na ndege wa njano, kimekunjwa vizuri, na ndani yake wametia kipande cha sabuni ili kinukie. Mtu haweki sabuni kwenye nguo ya mtu asiyempenda. Nimelia mpaka nimechoka, halafu nimejitazama kwenye kioo bila krimu. Madoa mekundu kwenye mashavu, weusi chini ya macho, shingo ina miaka yake yote. Nilikuwa namtafuta huyo dada mkubwa. Yupo. Ana uso mbaya kidogo, lakini stesheni anaikumbuka yote, mpaka harufu ya mvua kwenye mabehewa.

Biashara najua itakufa. Mama Chantal atasoma hapa kabla ya jioni, na atakuja kudai pesa zake, na ana haki. Wengine mtanicheka. Chekeni. Picha ya mwimbaji nimeibandua.

Nimeulizia: wamefikia kwa shemeji yake Alphonsine, nyuma ya kanisa, basi lao linaondoka keshokutwa. Sijui kama atanifungulia mlango. Mimi kwa nafsi yangu nisingefungua.

Kesho nitavaa kile kikwembe. Nitachukua kopo moja la pudre, nitakwenda kwa miguu, uso mtupu, mikono nje. Akitoka kunitazama nitamwambia, "Alphonsine, mukubwa yangu amefika. Anaomba shingo ya mutoto wake."