Akala Zangu Zilizobaki Gatini Kisumu

Mjukuu wangu Rukia, mke mwenzangu,

Sisi hapa Kariokor tu wazima, alhamdulillahi. Babu yako anakusalimu, na bado anagombana na redio.

Umeniuliza kama nami niliwahi kujiona mgeni, kama wewe huko. Basi sikiza. Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, mama alinipeleka Bukoba kwa dada yake. Tuliposhuka gari moshi Kisumu tukaikuta meli nyeupe, sakafu inang'aa. Nikavua akala zangu gatini, kama mlangoni pa watu, nikapanda.

Meli ilipong'oa nanga nikaziona kule, zinatutazama. Abiria wakacheka, nami nikalia. Baharia mmoja mzee akawaambia, "Mwacheni. Nyinyi mmepanda meli. Huyu ameingia kwetu."

Basi nikavuka ziwa miguu mitupu. Maji na mbingu vilikuwa kitu kimoja, hata sikujua tunaelea wapi. Injini ilinguruma chini ya nyayo zangu kama paka aliyelala, nami nikasinzia.

Majina ya bandari za njiani nimeyasahau, mwanangu. Nyayo hazijasahau.

Wewe huko, umeshavua viatu?

Bibi yako