Mama na Jiwe la Nne

Jumapili, jioni. Mvua ilianza tukiwa bado kanisani na mpaka sasa haijakatika. Kutoka dirishani hapa Mutanga Sud sioni ziwa wala milima ya Congo, ni weupe mtupu. Nina furaha inayonisukuma kuandika kabla haijapoa.

Mama amevuka mto.

Wengine mnaosoma hapa hamumjui, kwa hiyo nianze mwanzo. Mama yangu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa upande wa Congo, aliyeolewa huku, na aliweza kunyamazisha darasa zima bila kuinuka kwenye kiti. Mwezi wa tatu alipata kiharusi. Aliamka asubuhi, mkono wa kushoto haukuamka naye. Mguu ulirudi polepole, mdomo ukabaki umepinda kidogo, lakini mkono ulikataa. Nikaacha nyumba niliyopanga kule Carama, nikarudi kukaa naye.

Kine wake, dada mpole anayekuja mara mbili kwa wiki kumnyoosha viungo, alimpa mpira laini wa kufinya. Mama aliufinya siku mbili. Siku ya tatu akautupa nyuma ya kabati.

"Mi si mutoto wa kuchezea mupira," alisema.

Baada ya hapo hakutaka hata mkono utajwe. Aliulaza mapajani kama mkoba wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

Mchezo niliuleta mimi, na nikiri kwamba sikuuleta kwa ajili yake. Nilikuwa nimechoka. Nikitafuta mashuka sandukuni, nilikuta mashine ya michezo ya video ya utotoni kwetu, pamoja na kaseti moja iliyobaki. Ni ule mchezo wa mchimba madini anayeshuka ndani ya mlima na taa kichwani. Ana roho tatu. Zikiisha unarudi mwanzo kabisa, hata kama ulikuwa umefika mbali namna gani. Mimi na kaka yangu Désiré tuliucheza miaka yote ya shule na hatukuwahi kuuona mwisho wake. Mama ndiye aliyekuwa akija kuchomoa waya.

Kwa nini mtu apende kitu kinachomtesa hivyo? Nimewahi kutupa maneti, kile kidude cha kushika mkononi, nikaapa sirudii tena, na baada ya chakula nikarudia. Nadhani ni kwa sababu mle ndani hakuna upendeleo. Popo anatoka palepale, jiwe linaanguka wakati uleule. Ukifa, umekosea wewe, na unajua umekosea wapi. Ofisini kwangu Kigobe naweza kufanya kila kitu sawasawa na bado faili likarudishwa bila maelezo. Mle mlimani, ukipatia, unapita.

Mama alinitazama nikifa kwa siku kadhaa. Akaanza kunisahihisha. "Unaruka mbele ya wakati. Rudilia." Halafu alasiri moja akanyoosha mkono wa kulia.

"Leta hapa."

Kwenye ile maneti, kutembea ni kazi ya kidole gumba cha kushoto. Siku ya kwanza mchimba madini alisimama tu mpaka popo akamla. Mama akajipa maksi: "Zero juu ya kumi." Siku iliyofuata alipiga hatua nne. Akajipa moja.

Sikumwambia kwamba hayo ni mazoezi. Kine alipoona, alinikonyeza tu.

Wiki zilivyopita alifika mtoni, hatua ya tatu. Pale kuna mawe yanayoibuka na kuzama. Jiwe la nne linakaa juu kwa muda wa kutamka neno moja tu. Lazima usimame juu yake, kisha uruke mara moja. Kidole cha Mama kilikuwa kimeweza kubonyeza, ila hakikuweza kuachia. Kine alinieleza kwamba kwa mkono kama huo, kuachia ni kugumu kuliko kushika. Basi mchimba madini alipitiliza, akaingia majini. Kila siku, kila mara. Siku moja nilimkuta Mama anafuta machozi kwa kitenge.

Hapo ndipo nilipofanya kosa.

Désiré alinifundisha zamani kwamba ukibonyeza vitufe kwa mpangilio fulani kabla mchezo haujaanza, unapewa roho tisini na tisa. Mama akiwa bafuni, nikafanya hivyo. Nilitaka apumzike na ile safari ya kurudi mwanzo kila mara.

Alikaa, akashika maneti, akatazama kona ya juu ya televizio.

"Hapa kulikuwa tatu. Leo ni tisini na tisa. Ni nani alifanya ivi?"

"Pengine mashine imezeeka, Mama."

"Nimesahihisha madaftari miaka mingi. Mutu akikopia, najua."

Nikakiri. Nikasema nilimwonea huruma. Lilikuwa neno baya kuliko yote ambayo ningeweza kuchagua.

Aliweka maneti mezani taratibu. "Wote munanionea huruma. Pasta, majirani, na we. Uyu muchezo tu ndio haukunionea huruma. Ulikuwa unanipiga kama mutu muzima. Na we umeuharibu."

Siku tisa hakuugusa. Niliomba msamaha, akatazama dirishani. Alhamisi kine alimshika kidole akaniambia kando kwamba kinaanza kukaza tena. Sikulala vizuri. Nilikuwa nimemnyang'anya mama yangu kitu kimoja alichokuwa anakishinda kidogo kidogo, na nilikuwa nimefanya hivyo kwa upendo. Hilo ndilo lililoniuma.

Leo tuliporudi kanisani hakuvua hata kilemba. Akakaa mbele ya televizio.

"Washa. Nataka tatu zangu."

Roho ya kwanza ilichukuliwa na popo. Ya pili ilizama mtoni, mahali palepale. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani mkononi, sikuthubutu kukaa. Roho ya tatu: jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Alipotua kwenye la nne sikutazama televizio, nilitazama kidole. Kikainuka.

Kiliinuka chenyewe, hewani, upana wa punje ya mchele.

Mchimba madini akasimama. Mama akabonyeza, akaruka, akatua ng'ambo. Na papo hapo nyoka akatoka nyuma ya jiwe akammeza. Roho zimekwisha. Mwanzo kabisa.

Nilijua nyoka yuko pale. Safari hii nilikuwa nimenyamaza. Nikasubiri hasira.

Mama akacheka. Kwa mdomo ule uliopinda, akacheka mpaka kilemba kikamdondokea begani, kicheko ambacho sijakisikia tangu mwezi wa tatu.

"Kumbe kuko nyoka! Na we ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Aksanti kwa kunyamaza," akasema. "Sasa anzisha."

Nimempigia Désiré simu huko Kampala, akalia. Namshukuru Mungu, namshukuru yule kine, na nawashukuru watu nisiowajua, wa nchi nisiyoijua, waliokaa wakatengeneza mto mgumu kiasi kile na hawakumlegezea mtu yeyote.

Kesho asubuhi Mama anakwenda kwa daktari, na atataka kuvaa gauni lake la bluu lenye vifungo mbele. Miezi yote hii nimekuwa nikimfungia mimi, haraka haraka, nisichelewe kazini. Kesho nitaamka mapema. Nitakaa pembeni ya kitanda chake, nitaiweka mikono yangu chini ya mapaja, na nitasubiri afunge mpaka kifungo cha mwisho.