Jina Lililorukwa

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, milima haionekani.

Sijawahi kumwambia mtu hili: ni mimi niliyemdanganya mdogo wangu Biira. Likizo iliyopita nilimfungia nguo zake, nikamwambia anakwenda Kinyamaseke kumsaidia rafiki wa Papa kazi za nyumbani, wiki moja tu. Nilijua anaozwa. Ana miaka kumi na minne.

Papa, baba yetu wa kambo, alikuwa amesema Biira asipokwenda, nitakwenda mimi.

Tangu hapo Kabugho, mdogo wetu wa mwisho, haongei shuleni. Mwalimu wake alitoa taarifa, na leo mama wa ustawi wa jamii amekuja hapa kwetu Bwera. Nilidhani atamkagua Kabugho kama daktari. Badala yake alitukalisha wote mkekani, akatandaza karatasi, akaanza kuchora familia: duara kwa kila mwanamke, mraba kwa mwanamume, mistari katikati. Alisema mtoto hanyamazi peke yake, wapo watu wanaomzunguka.

"Mama akihuzunika, nani hujua kwanza?"

Kabugho alininyooshea kidole.

"Na Masika akishajua, hufanya nini?"

"Anasoma kitabu," Mama akajibu. Papa alicheka sana. Mimi niliona aibu, kwa sababu ni kweli.

"Wasichana ni wangapi?"

"Beko babili tu, madame," Papa akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Masika na Kabugho."

Kalamu ikasimama.

"Papa, unanitania?" yule mama akauliza. "Mimi ni Mukonzo kama hawa, na naitwa Kabugho vilevile. Kwetu Masika ni binti wa kwanza, Biira wa pili, Kabugho wa tatu. Biira wa nyumba hii yuko wapi?"

Papa alikuwa ametufundisha la kusema. Hakuna aliyekumbuka kwamba majina yetu yenyewe yanatuhesabu.

"Alikufaka, angali mutoto," Papa akasema.

Mama alitazama chini.

Nilichukua ile kalamu. Nikachora duara kati yangu na Kabugho, nikaandika: Biira, yuko hai, Kinyamaseke, kwa muuza mbao nyuma ya soko. Papa aliniita mara mbili. Nikamaliza kuandika.

Yule mama alipiga simu polisi. Kisha akaniuliza, kati ya wote waliochorwa pale, ni nani mimi na Kabugho tunaweza kulala kwake bila woga. Nikamwonyesha duara la shangazi, dada wa baba yetu mzazi, aliyeko Kasese. Nikaingia ndani, nikachukua sare zetu za shule. Mama alinipa mwavuli bila kunitazama. Nikamshika Kabugho mkono, tukaondoka na yule mama.