Kwa Arsène Tshimanga, Aliyekufa Mara Moja Tu

Ni mwaka mmoja sasa tangu ufe kweli, Papa Carine, mume wangu. Ninasema kweli kwa sababu kuna watu wanaosema ulikufa zamani, mwaka 1993, na wameiandika habari hiyo kwenye intaneti, mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Wewe mwenyewe uliisoma, umeketi barazani kwetu Panda, hapa Likasi, miguu imo ndani ya beseni la maji ya moto. Ulicheka. Mimi sikucheka siku ile, wala leo sicheki.

Watoto wameniomba nipunguze ukali. Mathieu amekuja kutoka Kolwezi kwa ajili ya misa yako, akasoma nilichoandika, akakuna kichwa.

"Mama, kumbukumbu haiandikwake na kasirani. Batu batasema nini?"

"Baseme tu," nikamjibu. "Mujane ni miye."

Kwa hiyo tunaandika kwa hasira, maana ndiyo tuliyo nayo. Wewe unajua kila kitu nitakachosema hapa. Lakini wanaosoma gazeti hili hawajui, basi nitaanzia mwanzo, nawe univumilie kama ulivyozoea.

Miaka ya themanini ulifanya kazi katika ofisi ya mahesabu ya kiwanda cha shaba, kule Shituru. Kulikuwa na kompyuta ndogo ya Kifaransa, na mkuu wako alikuwa Mbelgiji jina lake Guy. Kazi ikiisha alikuachia ufunguo, nawe ukabaki mbele ya ile mashine ukitengeneza mchezo. Guy alikuja kuucheza tu, na kila mara alishindwa. Mchezo wenyewe ni mwanamke mwenye beseni la vitumbua kichwani, anavuka reli huku mabehewa ya shaba yanapita. Behewa likimgonga, kioo kinaandika: "Weye, macho iko wapi?" Akivuka salama, kinaandika: "Mama anafika, batoto batakula." Uliuita Beseni.

Mwanamke yule ni mimi. Na maneno yale ni yangu. Hayo ya kwanza nilikuambia siku uliyonigonga kwa baiskeli karibu na soko la Panda, vitumbua vikaenda mavumbini, nawe ukasimama pale na kalamu masikioni, moja kila upande. Ndivyo tulivyojuana. Ulirudi kesho yake kununua beseni zima, na nusu yake ukaigawa njiani.

Guy aliondoka mwaka wa uporaji, askari walipopora maduka na nyumba, akachukua disketi zako azitunze, kwa sababu hapa hapakuwa na kitu kilichotunzwa. Baadaye ikaja ile miaka watu wa asili ya Kasai, kama wewe, walipofukuzwa katika mji huu. Wewe na dada yako Mwadi mlilala stesheni, kisha mkapanda treni. Mimi, binti wa hapa, nilibaki na binti yetu Carine, mgonjwa wa surua, mgongoni. Wengi hawakufika walikokuwa wanakwenda. Kule Ulaya, mtu alimwambia Guy kwamba nawe hukufika. Akakulilia, akaandika juu ya sanduku la disketi: "Kwa kumbukumbu ya Arsène, 1993."

Sina ugomvi na Guy. Mtu aliyekulilia kwa moyo wake hawezi kuwa adui yangu, hata kama alikulilia bure. Ulirudi baada ya miaka minne, umekonda, kofia ya mtu mwingine kichwani. Mathieu alizaliwa baada ya hapo. Kama ulikufa mwaka 1993, wale mabwana wa intaneti waniambie Mathieu nilimpata wapi.

Sasa nakuja kwao. Ni watu walio mbali, wana hifadhi ya michezo ya zamani ya kompyuta, wanaikusanya isipotee. Kazi nzuri, ulisema, nami sikatai. Carine alikununulia simu ulipostaafu, ukaiona hifadhi hiyo, na toka siku ile tukawa watu watatu ndani ya nyumba: wewe, mimi na makosa yao. Mwaka si huo, uliandika. Picha ya sanduku ni ya mchezo mwingine, uliandika. Michezo ya mashine za Kifaransa walikuwa wameiandika kuwa ni mibovu, haichezeki, kumbe walikuwa wanabonyeza herufi kama zilivyopangwa kwenye kibodi ya Kiingereza. Uliwaeleza mmoja mmoja. Kila mara walikubali, wakasahihisha, wakaandika: Asante sana, mpendwa Arsène.

Halafu ukaukuta mchezo wako mwenyewe. Guy alikuwa amefariki, watoto wake wakatoa masanduku yake yote kwa hifadhi. Mtengenezaji: Guy. Chini yake: mchezo umetolewa kwa kumbukumbu ya mfanyakazi wake Arsène, aliyekufa 1993. Na chini zaidi, haya ambayo nayajua kwa moyo kuliko sala: "Kiswahili cha mchezo huu kina makosa mengi ya sarufi. Ni wazi kwamba mtengenezaji alikuwa mgeni aliyeokota maneno machache sokoni."

Mgeni. Mimi niliyezaliwa Panda, mama yangu kazaliwa Panda, nimekuwa mgeni wa maneno yangu mwenyewe. Mtu fulani alikaa na kitabu cha Kiswahili cha mbali, akahesabu. "Macho iko wapi," kosa. "Batoto," kosa. Akaona Mwafrika hawezi kukosea hivyo, basi ni Mbelgiji. Hicho ndicho kilichokuwa kithibitisho chao, Papa Carine. Ulizungumza kama watu wa nyumbani kwako, wakakunyang'anya mchezo kwa sababu hiyo hiyo. Kiswahili bora ninakijua, masista walinifundisha kwa fimbo, na hiki ninachoandika hapa ndicho. Lakini mtu akinigonga kwa baiskeli siwezi kutafuta ngeli kwanza.

Ukawaandikia. Wakakujibu kwa adabu kwamba mtu hawezi kuwa shahidi wa habari zake mwenyewe. Ukawaandikia tena kwamba Arsène wa sandukuni ndiye wewe na u mzima. Wakajibu kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha Arsène huyo amefariki, na kama kuna kosa, ulete kitu kilichochapishwa, chenye tarehe na majina ya watu. Na mwisho wa barua hiyo hiyo wakakushukuru kwa kusahihisha michezo mingine mitatu. Kwa michezo ya watu wote walikuamini, isipokuwa wako.

Nilikuambia siku ile, na jirani yetu Orpa alisikia kutoka upande wa pili wa ua:

"Ubatukane hata mara moya, basikie."

"Bale bantu habako babaya, Berthe. Habajue tu."

"Ulishabambia. Sasa banajua."

Ukatabasamu, ukafuta kioo cha simu kwa shati, ukaanza upya: Bwana mpendwa, samahani kwa kukusumbua. Hilo ndilo lililonichoma. Walikuita maiti, nawe ukawaomba samahani kwa usumbufu.

Mwadi alitaka kuandika yeye. Alisema, "Miye njo nilikuwa naye mu treni. Nilimupa maji na mukono yangu." Wakasema wanasikitika kwa yote aliyopitia, lakini barua ya mtu si kitu kilichochapishwa. Ukamwita mwandishi wa habari wa mjini hapa. Aliahidi kuja, hakuja. Mtu akiwa hai hupewa nafasi gazetini akiiba au akigombea kiti. Wewe hukufanya lolote kati ya hayo.

Ulifanya nini basi? Ulitengeneza redio za mtaa mzima. Ulikaa na simu ya Orpa siku nzima ili asipoteze picha za mtoto wake, na wakati huo mimi nakungoja unirekebishie pasi, ambayo hadi leo haifanyi kazi. Ulisalimia kila mtu kwa jina, hata mbwa wa padri. Ulisahihisha mashine tu. Mtu akikosea mbele yako ulitazama pembeni, ukamwachia nafasi ajirekebishe mwenyewe bila aibu. Sijawahi kukusikia ukimwambia mtoto "mjinga." Mimi nimewaambia mara nyingi, na walistahili.

Hasira nyingine ni yako, upokee. Tension, yaani shinikizo la damu, ilikuwa juu tangu Pasaka, na nilikuambia twende hospitali, nawe ukasema ngoja nimalize ukurasa huu. Tulipokwenda tulikuwa tumechelewa, padri alikuwa amesimama mlangoni na mafuta matakatifu, nawe unamuuliza Carine kama kuna réseau, mtandao wa simu. Ujumbe wako wa mwisho tuliusoma baada ya mazishi. Haukuwa juu ya Beseni. Ulikuwa unamweleza mtu fulani herufi ya kuruka katika mchezo wa watu wengine, mchezo wa chura. Nguvu zako za mwisho ukampa chura. Nilizitaka mimi, Arsène. Nilitaka uniangalie mimi.

Baada ya arobaini, Carine aliwaandikia kwamba umefariki. Walijibu haraka, na sikatai, walisikitika. Waliweka picha yako kwenye ukurasa wa wajitoleaji, na maneno mazuri: Arsène wa Likasi, aliyetusaidia kwa uvumilivu, hakuwahi kutuletea kosa hata moja. Amefariki tarehe 9 Mei 2024. Tulipofungua ukurasa wa Beseni, ulikuwa vile vile. Mtengenezaji, Guy. Arsène, kafariki 1993. Kwao sasa ninyi ni watu wawili. Mmoja hakuwahi kukosea, na mwingine hakuwahi kutengeneza kitu, na wote wawili ni maiti.

Carine aliwauliza, kwa upole aliourithi kwako: kama hakuwahi kukosea, mbona hamumwamini juu ya hili moja? Wakasema wanamwelewa, lakini sheria ni sheria. Wanangoja kitu kilichochapishwa.

Siku hiyo nilivaa kitenge changu kizuri, nikaenda kwenye ofisi ya gazeti hili. Nilijitayarisha kwa vita. Kijana wa pale hakuniuliza swali lolote. Alisema matangazo ya kumbukumbu hupokelewa siku zote, familia iandike inavyotaka, tarehe itakuwa juu ya ukurasa, majina chini. Nikakaa kwenye benchi lao, nikalia kwa hasira mpaka akaniletea maji. Ulihangaika miaka yote ile, na kumbe ulichopungukiwa ni kufa.

Basi, ninyi wa hifadhi, someni. Mkishindwa kusoma, mtafuteni mtu wa Likasi awasomee.

Mchezo unaoitwa Beseni umetengenezwa na Arsène Tshimanga, hapa Likasi, kwa mikono yake, jioni baada ya kazi. Hakufa mwaka 1993. Mwaka huo alikuwa ndani ya treni, hai, na dada yake Mwadi anatia sahihi hapa chini. Alirudi, akazaa mtoto wa kiume, akatengeneza redio, akawasahihishia makosa yenu bila malipo, akafa mara moja, tarehe 9 Mei 2024, saa ya mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Maneno ya mchezo hayana kosa. Msiyaguse. Mkiandika "macho yako yako wapi" mahali pale, nitajua, na mimi si Arsène, siombi samahani.

Na wewe, Papa Carine, misa yako ni Jumapili, saa moja asubuhi, parokia ya Panda. Orpa atakuja ingawa yeye si Mkatoliki. Mathieu ameuweka mchezo kwenye simu yangu. Niliucheza jana mara nyingi, na vidole vyangu ni vizito, behewa lilinigonga kila mara. Kila mara ulinisemesha kwa sauti yangu mwenyewe. Nilipovuka hatimaye, nilishindwa kwa machozi kuyasoma yale maandishi ya mama anayefika, Carine akanisomea.

Wanaokukumbuka ni mimi Berthe, mkeo. Watoto wako Carine na Mathieu. Dada yako Mwadi. Wajukuu, mashemeji, na majirani wote wa Panda ambao redio zao bado zinasema. Tutakukumbuka daima, Arsène, na sisi hatukudai kithibitisho.